Nyota za Begani Hazivushi Mto

Hiki ninachokuhadithia hutakiamini. Mimi mwenyewe sikukiamini mpaka babu yangu, Mzee Mpili, alipokirudia mara ya pili huku simu yangu inarekodi. Binamu yangu alikuwa anajigamba eti yeye ndiye kapteni wa timu, penalti zote apige yeye, na anazikosa! Babu akamkata: "Nyota za begani hazivushi mto." Tukamganda: babu, hiyo imetoka wapi? Basi ilivyoanza ni hivi.

Vita ile kubwa ya Mwingereza na Mjerumani ilipofika kusini kwetu, alikuja Jenerali Whitcombe. Huyu mtu usimchezee! Kapigana India, kapigana Sudani, kapigana na Makaburu, begani nyota, kifuani medali mpaka koti linainama upande. Kwao walishamwahidi ugavana vita ikiisha. Alichobakiza ni kumkamata Mjerumani tu, na Mjerumani ameshavuka Mto Lukumbi juzi yake.

Sasa mto umefura. Jenerali ana wapagazi mia mbili, wamefungwa kamba kiunoni, mmoja kwa mwenzake, wasitoroke. Akianguka mmoja, wote wamekwenda. Wa kwanza kwenye mstari ni Mtopela, sanduku la risasi kichwani. Na mvushaji wa Lukumbi, anayepima maji na kusema leo panavukika au hapavukiki, ni Bibi Somoe. Mkewe Mtopela! Ndiye bibi yake babu.

Bibi Somoe akachomeka upondo wake majini. Mti mrefu ule, ukazama karibu wote. "Hapavukiki. Kivuko kimehama. Njooni kesho kutwa."

Jenerali akatazama ramani. Ramani inasema kivuko kipo. "Mwambie huyu mwanamke apishe."

Mkalimani akasema, "Mama, Bwana Mkubwa anasema upishe."

"Mwambie auambie mto upishe kwanza."

Wapagazi kicheko kikawaponyoka. Askari akainua bunduki. Bibi hakusogea. "Sikatai amri, baba. Ila hapa Lukumbi anayeamuru kuvuka ndiye anayetangulia majini. Hata jumbe wetu wa kijiji hutangulia. Au mwenzetu anaogopa kulowa?"

Mkalimani akatafsiri yote. Jenerali akawa mwekundu kama pilipili. Woga hakuwa nao yule mtu, tumpe haki yake. Akaingia na mabuti, na koti, na medali zake zote. Hatua ya kwanza, magoti. Ya pili, kifua. Ya tatu, kofia peke yake inaelea!

Maofisa wanapiga kelele, hakuna anayeruka. Jenerali akaibukia huko maji yanakoelekea, kashika tete la ukingoni, na tete linang'oka. Bibi Somoe akakimbia ukingoni, akanyoosha upondo, akausimamisha shubiri moja tu kabla ya mkono wa Jenerali.

"Muulize: mizigo chini?"

"Mama, mtu anakufa!"

"Ndiyo uulize haraka."

Mkalimani akapaza sauti. Jenerali akatema maji: chini!

"Na kamba?"

Zikatwe!

Upondo ukafika.

Na alitimiza, bwana. Alisimama pale anachuruzika, akamwamuru ofisa wake akate kamba zote, kuanzia ya Mtopela. Wakakaa siku mbili. Maji yaliposhuka, Bibi Somoe akapima, akatangulia yeye, akawavusha wote mia mbili. Hakupotea hata mmoja! Mjerumani? Alishakwenda zake.

Jenerali kweli akaja kuwa gavana huko mbali, nyota zikaongezeka. Lakini kwetu Lukumbi, ukitaka ukubwa wako ukufanyie kazi usiyoijua, hata mtoto atakwambia: nyota za begani hazivushi mto.

Sasa wewe niambie. Upondo uko mkononi mwako, mumeo kafungwa kamba nyuma yako, na anayezama ndiye aliyemfunga. Ungeunyoosha?