Matope ya Kiangazi

“Mgawa maji huonyesha kwanza shamba lake.” Wadogo zangu, leo mmeisikia methali hii pale mferejini mkaniuliza ilitoka wapi. Ilianza na matope.

Kilikuwa kiangazi kikali. Maji ya mfereji wetu yaligawiwa na wazee wa baraza, na sisi wa mkiani tulikuwa hatujaona zamu kwa majuma. Maharage ya mama yalianza kujikunja majani. Yangekufa, tungekosa chakula na mbegu pia.

Siku ya baraza nilikaa nyuma na wanawake. Mzee Senzota, mmoja wa wagawaji, alivua viatu mlangoni. Vilikuwa na matope mabichi, na kijiji kizima kilikuwa vumbi. Akaniona nikivitazama. Nikainamisha uso.

Hoja ililetwa na Mama Nanzighe, mwanamke pekee kati ya wazee wa baraza: kila mgawaji aonyeshe mashamba yake yote, hata ya kukodi, kabla ya kugawa maji.

“Mali ya mtu haiulizwi!” Mzee Mashauri, mgawaji mwingine, alifoka. “Leo mashamba, kesho mtataka kuona na mbuzi wangu. Mnataka nipigwe kijicho?”

“Mbuzi wako hawanywi zamu ya mtu, shemeji,” Mama Nanzighe akamjibu.

Watu wakacheka. Lakini mikono ilipoinuliwa ikawa nusu kwa nusu. Ikabaki kura ya Mzee Senzota. Alitazama mlangoni, kwenye viatu vyake, kisha akasimama.

“Nifuateni.”

Alitupandisha hadi karibu na chanzo, nyuma ya migomba. Magimbi yalikuwa yamesimama ndani ya maji, majani mapana kama ungo.

“Hili ni langu. Nimelikodi kwa jina la mkwe wangu. Kila nikigawa, naanzia hapa.”

“Senzota, umetuvua nguo!” Mashauri akasema.

“Nimejivua mwenyewe, ndugu yangu. Wewe bado umevaa.”

Sheria ikapita. Senzota akatoa mbuzi wa faini na kukiacha kiti chake. Kesho yake maji yakafika kwetu. Mama alipiga magoti, akayateka kwa viganja, akanawa uso huku akicheka peke yake. Maharage yale tuliyala mwaka mzima.

Ndiyo maana anayetaka kugawa cha wote huambiwa: mgawa maji huonyesha kwanza shamba lake.

Mzee Senzota ameshatangulia mbele ya haki. Kila tulipokutana njiani nilimwambia “Shikamoo” tu, nikapita. Mzee wangu, yale matope niliyaona, na nisingeweza kamwe kuyataja. Asante kwa kunisemea.