Pimbi Aomba Moto kwa Bi Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Bi Tembo alikuwa na huzuni moja. Marehemu mama yake alikuwa mganga wa kusifika. Alijua kila mti wa dawa, na kila mahali maji yanapojificha wakati wa ukame. Bi Tembo alimwahidi kwamba atayaandika yote ili wajukuu wayapate. Hakuandika hata neno, na sasa macho yake yalikuwa yanaingia giza.

Msimwonee, hakuwa mvivu. Alikuwa anangoja siku nzima isiyo na kazi. Akimaliza kulima, kunakuja kupalilia. Akimaliza kupalilia, wageni hao mlangoni. Jirani yake Kifaru alimshauri ajifungie ndani mwezi mzima aandike mfululizo. Akajifungia kweli. Asubuhi alichonga kijiti, mchana akapanga magome ya kuandikia, jioni kichwa kikamuuma, akalala. Kesho yake akafungua mlango, huyo shambani.

Pimbi akayasikia hayo. Mnamjua Pimbi, mdogo, mkia hana, lakini akili imemjaa mpaka masikioni. Mganga yule ndiye aliyemwokoa mkewe alipokuwa taabani kwa uzazi, na Pimbi hakuwa amesahau.

Asubuhi moja akabisha hodi, kigae mkononi.

"Shikamoo, Bi Tembo. Moto wangu umezimika. Naomba kaa."

"Marahaba, baba. Pita jikoni."

Desturi yao ilikuwa hivi: mwomba moto huweka kaa ndani ya kigae pamoja na gunzi la mahindi, akaketi mpaka gunzi lishike moto. Na mwenye nyumba hukaa naye, hamwachi peke yake akaenda shamba.

Pimbi akaketi akipuliza, fuu, fuu. Akaeleza kwamba mkewe ni mgonjwa, hali wala hanywi, na kinachomchangamsha ni habari za marehemu tu. Lakini yeye msahaulifu, akisimuliwa jambo, akifika kwake keshalipoteza lote. Akamwomba Bi Tembo amwandikie kidogo, wakati gunzi linashika.

Kidogo tu, nani angekataa? Bi Tembo akaokota gome na kipande cha mkaa, akaanza habari ya mizizi ambayo mama yake aliwachemshia wenye homa. Hajafika mbali, gunzi likashika. Pimbi akalichukua gome kwa adabu na kusimama.

"Sijamaliza sentensi," Bi Tembo akasema.

"Utamaliza kesho, mama. Moto wangu huzimika sana."

Siku ile Bi Tembo alipalilia huku sentensi ile ikimwasha moyoni. Pimbi alipokuja tena, aliimalizia, akaanza nyingine. Ikawa hivyo kila asubuhi, masika mpaka kiangazi. Ikafika siku Pimbi alichelewa, akamkuta mwenyeji ameshaketi jikoni anaandika, wala hakuinua kichwa. Pimbi akacheka peke yake.

Lakini Kifaru hakunyamaza. Alimwambia Bi Tembo kwamba kila alfajiri huona moshi kwa Pimbi, na moto ule haujazimika hata siku moja.

Bi Tembo akawaka. Ti! ti! ti! mpaka kwa Pimbi, nia yake amkanyage. Akakuta jiko linawaka, na yule mgonjwa anatwanga mahindi huku anaimba.

"Umenidanganya, Pimbi."

"Nimekudanganya, mama. Moto haukuzimika, na mke wangu ni mzima. Mzima kwa sababu ya mama yako."

Akaingia ndani, akatoka na mzigo wa magome aliyoyashona kwa kamba za ukindu, gome baada ya gome, mzito hata unamshinda. Bi Tembo akausogeza machoni. Herufi zilikuwa ukungu mtupu.

"Nisomee," akasema.

Pimbi akasoma. Ikatoka mizizi ya homa, yakatoka maji yaliyo chini ya mchanga, yakatoka hata maneno ambayo marehemu aliwaambia waja wazito wasiogope. Hakuna lililobaki. Bi Tembo akaketi chini palepale, akalia bila kujificha.

"Ahsante, mwanangu. Nilidhani nitakufa nikiwa na deni lake. Ahsante sana."

Hivyo, wanangu, anayetaka kuandika asingoje siku nzima. Aandike kidogo leo, na kesho kidogo tena.