Jezi ya Kibwana Mloka

Sogeeni, na mwenye hasira asizifiche, maana hata mimi ninazo.

Palikuwa na watu watatu mjini kwetu. Chande Pazi alijaliwa miguu, Bi Kalunde alijaliwa mikono, na Mwantumu alijaliwa ulimi. Katikati yao alikuwa Kibwana Mloka, mshambuliaji wa Chipukizi, aliyeingia klabu hiyo akiwa bado anacheza pekupeku, na hakuvaa rangi ya timu nyingine mpaka anastaafu. Watu humsifu kwa uaminifu huo kana kwamba aliufanya peke yake!

Timu kubwa ya jijini ilimfuata Kibwana kwa gari mpaka mlangoni. Kalamu alikwisha kuishika. Mwantumu, dada yake, akatoka jikoni na unga mikononi.

"Kibwana, huko ukikosa penalti watakuzomea, kesho wakupandishe basi urudi. Hapa ukikosa, watu wanakuja kwa mama kukupa pole. Haya, tia sahihi, nakuangalia."

Kibwana akaiweka kalamu chini. Nyumba aliyokuwa amemwahidi dada yake kumjengea kwa fedha za jijini ikafa hapohapo, na hadi leo Mwantumu anakinga mvua kwa sufuria.

Mwaka uliofuata goti likachanika. Daktari alilishona vizuri, akasema kilichobaki ni mazoezi na subira. Viongozi wa Chipukizi subira hawana. Walimtoa kwenye nyumba ya wachezaji, na hakuna aliyempelekea hata chungwa. Aliyemchukua ni Bi Kalunde, mkandaji wa wanawake waliojifungua. Kila alfajiri alimkanda, akamtembeza, na alipolia akamgombeza.

"Nyanyua mguu, we mtoto! Aliyejifungua jana anakushinda!"

Wateja wake walichoka kumsubiri, wakaenda kwa wengine, wala hawakurudi.

Kibwana akarudi uwanjani, lakini magoli yakamkataa. Wale wale wa kumpa pole wakaanza kumzomea. Ikaja mechi ya mwisho ya msimu, na Chipukizi wasiposhinda wanashuka daraja. Chande, winga wao, akampiga chenga beki, akampiga chenga na kipa, lango likabaki wazi. Angefunga, jina lake lingeimbwa mpaka leo. Akageuka, akampasia Kibwana.

"Funga, ndugu yangu, wanyamaze," alimwambia.

Kibwana akafunga, na tangu siku ile hakuzomewa tena. Mji mzima uliimba Kibwana, Kibwana. Chande akainama kufunga kamba za viatu.

Sasa siku ya kuaga. Desturi ya Chipukizi ni kwamba mkongwe akistaafu huvua jezi uwanjani, akamvisha mtu mmoja, na mtu huyo ndiye huitangulia timu kuingia uwanjani maisha yake yote. Mwenyekiti akashika kipaza sauti: "Jezi atavishwa mgeni rasmi!"

Mgeni rasmi! Mtu aliyefika mechi imekwisha, akamshukuru Kibwana kwa kuwa golikipa hodari! Hivi hawa viongozi wana haya kweli?

"Huyu simvishi," Kibwana akasema, akavua jezi, akawaita wale watatu.

"Sijawahi kukuomba kitu," Chande akamwambia. "Leo naomba. Naitaka."

"Hata mimi naitaka, mwanangu," akasema Bi Kalunde. "Sitaki unafiki."

Mwantumu naye akaishika jezi kwa upindo. Alimtazama mdogo wake huku machozi yakimtoka.

"Basi mkaikate vipande!" mwenyekiti akafoka. "Huwezi kuchagua, ilete, mgeni anasubiri."

Jezi iliyokatwa haivaliwi, na hilo kila mtu uwanjani alilijua. Kibwana amesimama kifua wazi, na mwenyekiti ameshanyoosha mkono kuichukua. Nanyi msiniambie wote watatu wanastahili. Hilo hata mwenyekiti analijua. Semeni upesi: wewe ungemvisha nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?