Jina la Mtoto wa Tusekile

Hapo zamani, zamani za karibu tu, intaneti ilipokuwa bado ngeni huko milima ya Rungwe, mama mmoja aitwaye Tusekile alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ndogo. Mtoto alilia vizuri. Lakini tumbo likaanza kuvimba, choo hakikutoka, na kila alichonyonya alikitapika.

Daktari wa zamu akampiga picha ya eksirei, kisha akampigia simu bingwa wa watoto mjini. Bingwa akasema, "Nitumieni picha kwa barua pepe. Bila kuiona siwezi kusema kama apasuliwe au la." Kumsafirisha mtoto hakukuwezekana, mvua ilikuwa imeangusha mlima juu ya barabara.

Muuguzi Subilaga akaketi kwenye kompyuta, akaiambatisha picha kwenye barua, akabonyeza kutuma. Barua haikutoka. Akabonyeza tena. Haikutoka. Wenzake wakasema, "Intaneti imekatika, tusubiri irudi."

Subilaga akakataa kusubiri. Akafungua tovuti ya habari. Ikamwomba jina na neno la siri, akaandika, ikafunguka. "Intaneti ipo! Kilichokwama ni barua tu. Nampigia Gwamaka."

Gwamaka ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta. Siku hiyo alikuwa amelala kwake, malaria imembana, anatetemeka chini ya mablanketi. Mkewe akamwambia, "Usipokee, pumzika." Akapokea.

"Dada Subilaga, hapo kila kinachotoka kinapita kwenye seva ya proksi. Ni kama mlinzi getini: bila jina na neno la siri, hupiti. Kivinjari, kile unachofungulia tovuti, kinajua kumjibu. Programu ya barua haijui, hakuna aliyeipangia. Fungua mipangilio."

Akamwelekeza hatua kwa hatua, akiiacha simu ili atapike, akiirudia. Subilaga akaandika anwani ya proksi, jina lake na neno lake la siri. Barua haikutoka. Safari hii kioo kilisema: huna ruhusa.

"Afadhali," Gwamaka akasema. "Sasa mlinzi amekusikia. Akaunti ya muuguzi inafungua tovuti, haitumi barua. Za wakuu wa idara ndizo zinazotuma. Tafuta mmoja wao, yeyote."

Wakuu walikuwa mkutanoni, ng'ambo ya barabara iliyozibwa. Aliyebaki ni mmoja, Ipyana, mama aliyekuwa mkuu wa famasi. Na kanuni ilikuwa kali: ukimruhusu mwingine kupita kwa akaunti yako, kazi huna. Ipyana alikwisha kuonywa mara moja, na nyumbani wadogo zake wote walimtegemea yeye.

"Mama, naomba," Subilaga akasema.

Ipyana akamtazama mtoto, amechoka hata kulia. Akatazama mlango. "Sogea," akasema, akaandika neno lake la siri.

Barua ikatoka!

Jibu la bingwa halikukawia: "Msimpasue. Choo cha kwanza kimeganda kikaziba utumbo. Usafisheni utumbo taratibu, kwa njia ya haja kubwa, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu." Wakafanya hivyo. Jioni mtoto akajisaidia, na wodi nzima ikashangilia kinyesi kama watu walioona harusi. Akanyonya, akalala.

Mganga mkuu aliporudi akamkemea Ipyana, lakini hakumfukuza. Akaagiza wauguzi nao wafunguliwe njia ya barua.

Tusekile akasema, "Mtoto wangu abatizwe jina la aliyemwokoa." Majina ya huko hayachagui mume wala mke, basi ubishi ukaanza, wa vicheko lakini wa kweli.

Subilaga akasema, "Wote walikaa kusubiri. Mimi nilikataa. Ningesubiri, nani angempigia fundi?"

Gwamaka, ambaye sasa alikuwa amepona, akasema, "Ulijua kuna tatizo, hukujua ni lipi. Niliinuka na homa yangu nikakuonyesha njia."

Ipyana akasema, "Njia mliipata, mkakwama mlangoni. Ninyi mlitoa akili na nguvu. Mimi niliweka riziki ya nyumba yangu rehani."

Tusekile akamtazama huyu, akamtazama yule, mtoto akinyonya kifuani. Ubatizo ni Jumapili, na jina ni moja.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: mtoto aitwe Subilaga, aitwe Gwamaka, au aitwe Ipyana? Je, nani alistahili?