Namba Iliyowekwa kwa Muda

Fundi mmoja wa tovuti, jina lake Zefania, alikuwa na chumba juu ya duka la mbolea katika mji wa wilaya. Ukutani alibandika orodha ya kazi zake za karibuni, maana mteja hupenda kujua nani amemtangulia. Palikuwa na ukumbi wa harusi, shule ya chekechea, mtengeneza majeneza, na kanisa moja lililotaka kuonekana lina waumini wengi kuliko lilionao.

Desturi ya kazi yake ilikuwa hii. Mteja akikosa picha, fundi humwekea ya kuazima. Akikosa maneno, humwekea ya kuazima pia. Vyote huwekwa kwa muda, mpaka mwenyewe alete vyake. Mwenyewe haleti. Ukumbi wa harusi ulipewa taa za vioo za nchi ya mbali. Wageni walifika wakakuta tyubulaiti mbili, moja inapepesa, wakacheka, wakacheza mpaka wakachoka. Mtengeneza majeneza alipewa mbao ambazo hajawahi kuzigusa, na wateja wake hawakurudi kulalamika. Kwa hiyo Zefania aliamini kwamba kazi yake haimuumizi mtu.

Halmashauri ikamwita. Ilikuwa imejenga zahanati katika kijiji cha Nyang'onda, na zahanati ile ilikuwa na kuta, bati, rangi mbili, mlango na kufuli. Muuguzi hakuwepo, wala dawa, wala maji. Hayo yote yalikuwa kwenye mchakato. Zefania aliazima muuguzi anayetabasamu, akaazima kitanda cheupe, akaazima maneno yasemayo kwamba kina mama hupokelewa saa ishirini na nne. Alipouliza namba ya simu, afisa habari, Bwana Lukumbi, alimpungia mkono. "Weka yoyote kwanza, ndugu yangu. Tutaleta." Zefania akaweka yake.

Tovuti ilizinduliwa kabla ya zahanati, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa tayari. Utepe ulifungwa kuizunguka kompyuta, mkasi ukaletwa juu ya sinia, mgeni rasmi akakata. Umeme nao ukakatika kabla mtu yeyote hajasoma ukurasa, lakini hilo halikuingia kwenye taarifa.

Simu zikaanza. Bibi mmoja aliuliza siku ya kupimwa presha. Mwingine aliuliza kama aje na kadi ya mtoto au hata bila kadi. Zefania aliwajibu wote kwa adabu: "Hapajafunguliwa bado, mama. Nenda hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto." Kila alipokata simu alijiona mtu mwema, na kwa kweli siku hizo alikuwa mwema, maana alipokea kila simu.

Hata hivyo alichoka. Akaandika barua kuomba kibali cha kuuondoa ukurasa. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akaandika ya pili, akajibiwa kwamba anukuu kumbukumbu namba ya ile ya kwanza. Mwishowe akapanda ngazi mpaka kwa Bwana Lukumbi, naye akamsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa jirani.

"Ndugu yangu, ukurasa ule umo kwenye taarifa ya robo mwaka," alisema. "Ukiuondoa, zahanati itakuwa imefungwa kabla ya kufunguliwa. Nani atatia saini hapo?"

Zefania alirudi chumbani kwake. Neno la siri la ukurasa ule alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi, akakibandika pembeni mwa kompyuta yake. Alikitazama. Lakini zilikuwepo zahanati nyingine kumi na mbili zinazohitaji kurasa, na Bwana Lukumbi alikuwa amemdokeza kwamba halmashauri haipendi kuhangaika kutafuta fundi mwingine. Akachukua karatasi, akaanza barua ya tatu.

Siku ya kuzionyesha kurasa zile kumi na mbili, kikao kilianza saa tano asubuhi. Mwenyekiti aliagiza simu zote zizimwe, na Zefania akaizima yake, akailaza kifudifudi juu ya meza. Alionyesha wauguzi kumi na wawili wanaotabasamu. Wajumbe walibishana kirefu juu ya rangi ya kijani, kama iwe ya majani ya chai au ya mahindi machanga. Hoja ikapita. Saa tisa walipofunga kwa sala, aliwasha simu akakuta ujumbe kwamba namba moja, asiyoijua, ilimtafuta mara nne. Akapiga.

"Shikamoo, daktari," sauti ya mwanamume ilisema. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. "Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi, damu ikawa inatoka. Nilipiga kuuliza kama mko wazi. Hamkupokea, nikasema hawa wana wagonjwa wengi, nikamleta. Tumekaa hapa mlangoni tangu saa sita. Sasa msijisumbue tena, tunatafuta tu gari la kumrudisha nyumbani. Ila kama mna kitabu cha waliofika, daktari, mwandikeni. Alikuwa akiitwa Skolastika."

Zefania alikuwa na kalamu mkononi. Aliandika jina lile chini ya ajenda, kwenye nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mengineyo. Mhudumu alipopita kukusanya karatasi, aliichukua na hiyo, ikaenda kuwekwa kwenye faili pamoja na nyingine.

Jioni ile alipanda chumbani kwake, akafungua ukurasa wa Nyang'onda kwa lile neno la siri. Muuguzi alimtabasamia. Aliweka kidole mahali pa kufuta ukurasa wote, akakaa hivyo, na wale wauguzi wengine kumi na wawili wakamjia akilini. Akaondoa kidole. Akafuta namba yake ya simu peke yake, akafunga kompyuta. Kazi hiyo ilimchukua muda wa mtu kufuta vumbi kwenye miwani. Haikuhitaji barua, wala kikao, wala kumbukumbu namba, na hakuna afisa aliyetambua kwamba imefanyika.

Tangu siku ile simu yake haikulia tena kwa habari za zahanati, na Nyang'onda, aliyoiandika juu kabisa ya orodha yake ukutani, ingali pale pale.

Ufunguo wa kufuli la mlango wa zahanati ulikuwa wilayani, ndani ya droo ya mtu. Neno la siri, ninyi mnaonisikiliza, lilikuwa kwa nani?