Mrija wa Pili

Kisa hiki alikisimulia kwanza mama yangu mdogo, Bi Sikudhani binti Mwinchande, jikoni kwake Utende, asubuhi ya Idi ya Mfungo Tatu, mwaka 2011. Naitaja siku kwa sababu kimezunguka sana tangu hapo, na watu wamekitia chumvi. Wapo wanaosema alitokea papa. Hakuna papa. Nilimuuliza kwa nini pilau yake inapakuliwa kwenye sinia mbili, moja inabaki na moja inavuka njia kwenda kwa kaka yake, ilhali ukoo ni mmoja na mkeka ni mpana. Akaweka mwiko chini, akanieleza. Nami nawaeleza nyinyi, ndugu zangu waumini, kwa sababu nimechoka.

Kulikuwa na wazamiaji wawili, Pandu na Shamte. Pandu ndiye mume wa Bi Sikudhani, na Shamte ndiye kaka yake huyo Bi Sikudhani. Kazi yao ilikuwa kuwashusha wageni chini ya bahari kutazama matumbawe, mtungi wa hewa mgongoni. Mashemeji hao walipendana, wakataniana, wakala sinia moja. Walitofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni mrija.

Mnaujua. Ule uliopinda, mtu anauuma kwa meno na ncha yake inachomoza juu, ili apumue huku uso umelala majini. Pandu alishikilia kwamba mzamiaji asishuke bila mrija, hata akiwa na mtungi. Shamte hakutaka hata kuushika.

"Shemeji, mimi nina mtungi mzima mgongoni," alikuwa akisema. "Huo ni wa watalii wanaoelea juu kama nazi. Unavuta miwani, unanasa kwenye matumbawe. Wa nini?"

"Mtungi una mwisho. Siku utakapoibuka hewa imekwisha na mawimbi yanakupiga usoni, utanitafuta."

"Nitakutafuta nikupe pole ya uzee."

Walibishana botini, walibishana kwenye kahawa, walibishana msibani maiti haijatoka ndani. Bi Sikudhani aliwaambia, "Jamani, mmoja wenu anyamaze tu." Hakuna aliyenyamaza. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Sasa sikilizeni alichofanya Pandu. Alitafuta mrija wa pili, laini, wa kukunjika, akautia mfukoni mwa jaketi lake la kuelea. Wake aliuvaa kwenye mkanda wa miwani. Huu wa pili ulikuwa wa Shamte, na hakumwambia. Alisema moyoni: mbishi huyu iko siku atauhitaji, naye ni ndugu wa mke wangu, siwezi kumwacha. Je, hilo si jambo jema? Ni jema. Ilikuwa huruma hasa, imekunjwa, imetiwa mfukoni. Kila asubuhi kabla ya kushuka aliupapasa kuhakikisha upo. Lakini Shamte alivyozidi kumcheka mbele ya wageni, Pandu alipoupapasa alianza kuona picha nyingine. Hakumwona tena Shamte akipumua. Alimwona Shamte akiomba.

Siku ikafika. Walishuka wawili peke yao kukagua mnyororo wa boya. Ulikuwa umenasa vibaya, wakashughulika nao mpaka hewa ikabaki ya kupandia tu. Walipoibuka, upepo umegeuka, mkondo umewasogeza mbali, na boti wanaiona kule, mashine imegoma, nahodha anavuta kamba, anavuta kamba, haiwaki. Na mawimbi yalikuwa yale mafupi mafupi, ya kupiga kofi. Jaketi lilimshika kila mmoja asizame, lakini jaketi halizibi mdomo.

Pandu aliuma mrija wake, akalaza uso, akapumua kama mtu aliyejilaza barazani. Shamte anameza maji. Akigeuka huku, kofi. Akigeuka kule, kofi. Pandu akautoa mrija mdomoni.

"Vipi, shemeji? Ule mtungi mzima uko wapi?"

Shamte akacheka, cheko likageuka kikohozi.

"Sema tu, Shamte. Sema: Pandu, ulisema kweli. Basi, yaishe."

Mkono wa Pandu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Vidole vimeushika mrija wa pili. Shamte akafungua kinywa, na baadaye aliapa kwa dada yake kwamba alitaka kulisema neno hilo, wimbi likaingia. Akafungua tena, wimbi. Akainua mkono, akapitisha kiganja shingoni, ishara ya wazamiaji ya kwamba sina hewa.

"Si kwa mkono," Pandu akasema. "Kwa mdomo. Nataka kusikia."

Jamani! Anamtaka mtu aseme, na mdomo wa mtu umejaa maji! Nikifika hapa huwa nakasirika upya, na kisa si changu. Miaka yote anaibeba huruma ile, anaitunza, anaipapasa, na siku ya kuitoa anaitoza ushuru!

Kichwa cha Shamte kikalegea. Hapo ndipo Pandu aliposhtuka, akauchomoa mrija, akausukuma kinywani mwa mwenzake. Lakini meno ya Shamte hayakuuma tena. Pandu akamwinua uso kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mashine ikawaka. Boti ikaja, wakampandisha, wakamlaza ubavu, akatapika maji, akarudi.

Alipofumbua macho, aliona mrija mmoja kwenye miwani ya Pandu, na mwingine mkononi mwa Pandu huyo huyo.

"Huo wa nani?"

"Wako," Pandu akasema.

"Ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao."

Shamte akasema, taratibu, bila hasira, "Ulisema kweli, shemeji."

Ndilo neno alilolitaka Pandu. Alilipata lote, kwa mdomo, na nahodha akiwa shahidi. Tangu siku hiyo Shamte hajakaa kwenye mkeka wa Pandu.

Sasa, msije mkanisimamisha mlangoni mkaniuliza, kwani mzamiaji abebe mrija au asibebe? Abebe! Nimeshasema, abebe. Hilo silo lililomshinda Pandu. Alikuwa na haki tangu mwanzo, na haki yake ilikaribia kuua mtu.

Na sisi je? Tuna pampu ya maji ya udhu iliyoungua. Fundi alituonya kwamba umeme unaruka, akataka kiwekwe kifaa cha kuilinda. Hatukumsikia, ikaungua. Alisema kweli. Leo wazee wanainua ndoo, na fundi yumo humu, kifaa kiko kabatini kwake, anangoja tuseme. Ndugu yangu, unawatoza ushuru wazee wenye ndoo mikononi? Nasi tulioonywa, midomo yetu mikavu, hakuna wimbi wala mkondo, mbona hatusemi? Shamte alikuwa na udhuru wa maji. Sisi tuna udhuru gani? Na si pampu tu. Humu mna ndugu wanaotokea milango tofauti wasikutane viatuni, na ukiwauliza, kila mmoja anakwambia alikuwa na haki. Huenda kweli. Kilichomo mfukoni mwako, unakibeba kwa ajili ya nani?

Idi iliyopita nilikuwa tena jikoni kwa mama mdogo, na sinia zilikuwa mbili. Nahodha wa boti ile amefariki, Mungu amrehemu. Bi Sikudhani yuko hai. Pandu yuko hai. Shamte yuko hai, ng'ambo ya njia. Wote watatu wazima, na mkeka bado ni mpana.