Mitutu ya Bandia

Bwana Shemzigwa, tajiri wa Lushoto, aliitamani bunduki kuukuu ya Kiingereza, ya mitutu miwili, ambayo Bi Mwantumu aliachiwa na marehemu mumewe. Bi Mwantumu alitaka ng'ombe wawili. Tajiri alijua bunduki kama ile ikibadilishwa mitutu huporomoka bei, basi akaja na mbuzi mmoja na kuwaita majirani wawe mashahidi.

"Shemeji, mitutu hii ni ya bandia, haina thamani hata ya yai. Mimi nanunua kitako na mtambo wake wa kufyatulia tu."

"Mitutu hulipii kitu?"

"Hata senti!"

"Jamani, mmesikia," alisema Bi Mwantumu kwa unyonge, akampokea mbuzi. Kisha akaichomoa mitutu, akaibana kwapani, na kumkabidhi tajiri kitako na mtambo wake.

"Na mitutu je?"

"Si hukuilipia? Ya bandia hii, nitapulizia moto jikoni."

"Usithubutu!" Shemzigwa alipiga ukelele. "Hiyo ni ya asili kabisa! Namba zake na za mtambo ni zilezile, tazameni wenyewe!"

Majirani wakatazama. Kweli, zilikuwa zilezile.

"Kumbe ya asili!" alisema Bi Mwantumu, huku akimfunga mbuzi wake nguzoni. "Basi hiyo ni ng'ombe watatu."